Vidonge vya Maumivu Baada ya Upasuaji: Vimeze, Lakini Vihesabu



Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo karibu kila nyumba hulikuta siku moja. Mtu wenu amefanyiwa upasuaji, ameruhusiwa, amerudi nyumbani na kipakiti cha vidonge. Pengine ni ngiri, kidole tumbo au busha, pengine ni uvimbe wa tumbo la uzazi, pengine ni mama aliyejifungua kwa upasuaji. Mshono unauma. Ameze nini, kiasi gani, na kwa siku ngapi?

Wodini tunakutana na wagonjwa wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayekataa dawa. Ukimpa vidonge anavificha chini ya mto. Anaamini vitachelewesha kidonda kupona, au vitakausha maziwa, au anaona aibu kwamba mtu mzima analalamika. Wa pili ni yule ambaye kwake "panado siyo dawa". Anameza viwili, baada ya saa moja anaongeza viwili, na jioni jamaa yake anamletea vingine vya rangi nyingine kutoka dukani. Wote wawili wanajiumiza, lakini huyu wa pili ndiye anayeweza kurudishwa hospitalini usiku akiwa amebebwa.

Ukoo mbili za dawa

Dawa za maumivu zinazotumika baada ya upasuaji ni za ukoo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa afyuni: mofini, pethidini, kodeini na tramadoli. (Wengi hudhani tramadoli ni ndugu wa panado. Sivyo, ni mjukuu wa mofini.) Dawa hizi hutuliza maumivu makali kweli kweli, ila zikizidi huzuia pumzi, na zikitumiwa ovyo humfunga mtu kama mnyororo. Huko Marekani, mwezi Oktoba 2017, serikali ilitangaza kwamba madhara ya dawa za ukoo huu ni janga la afya ya taifa zima, na miongoni mwa waliopotea wamo walioanza na vidonge walivyoandikiwa kihalali baada ya upasuaji. Lakini naomba nieleweke: mgonjwa mwenye maumivu makali akipewa mofini wodini, kwa kipimo na akiwa anaangaliwa, asiikatae kwa hofu. Hiyo ni tiba.

Ukoo wa pili ndio ninaotaka tuuzungumzie leo. Humo wamo parasetamo, diklofenaki, ibuprofeni ambayo wengi wetu tunaiita brufeni, na aspirini. Iko pia dawa ya ganzi ambayo daktari huichoma kwenye kidonda chenyewe. Dawa hizi hazimletei mtu uraibu, wala kwa vipimo vyake vya kawaida hazizuii pumzi. Kwa sababu hiyo watu huziita salama, na zinauzwa kila mahali. Neno hilo "salama" ndilo lenye kutudanganya.

Je, ni vizuri kuvumilia tu?

Kabla ya kuhesabu vidonge tumjibu kwanza yule anayevikataa, maana wengine hukataa kwa sababu za imani. Mama mmoja au mwingine hutuambia, "Sista, niache, namtolea Bwana maumivu haya." Nia yake ni njema na sina ruhusa ya kuidharau. Lakini Kanisa halimlazimishi. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII aliwajibu madaktari wa dawa za usingizi waliokuwa wamemwuliza juu ya jambo hili hili, naye alisema wazi kwamba ni halali kuondoa maumivu kwa dawa, na kwamba Mkristo halazimiki kuyatafuta mateso. Papa Yohane Paulo II akalirudia fundisho hilo mwaka 1995 katika barua yake ya Injili ya Uhai. Anayetaka kujinyima kwa hiari anaweza. Asiyetaka, hana dhambi.

Nami kama muuguzi naongeza la kwangu. Maumivu yasiyotulizwa si ya kiroho tu, yana kazi yanayofanya mwilini. Mgonjwa wa tumbo anayeogopa kukohoa hubakiza makohozi kifuani, na siku ya tatu ana nimonia. Anayeogopa kuinuka kitandani damu yake hulala kwenye mishipa ya miguu, nayo huweza kuganda na bonge lake likapanda hadi mapafuni. Mama aliyejifungua kwa upasuaji asiyeweza kuketi kwa maumivu hawezi kumweka mtoto vizuri kwenye titi, kisha watu wanasema dawa ndizo zilizokausha maziwa! Kinyume chake ndicho kweli. Parasetamo na ibuprofeni hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, na mama anayenyonyesha anaruhusiwa kuzitumia.

Parasetamo na ini

Parasetamo ni dawa nzuri. Haiumizi tumbo, haisababishi kidonda kutoa damu, inamfaa mzee, mama mjamzito na mtoto. Ndiyo maana sisi huianza nayo, na kwa saa: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Usisubiri mpaka maumivu yapande ndipo umeze. Maumivu yaliyokwisha kupanda ni kazi ngumu kuyashusha, na hapo ndipo watu huanza kuongeza vidonge.

Mtu mzima humeza vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6. Hivyo ni vidonge 8 kwa saa 24, na hapo ndipo mwisho wa safari. Lakini hesabu hii ni ya mtu mwenye mwili wa kutosha. Mama wa kilo 40 aliyedhoofika kwa ugonjwa wa muda mrefu hapaswi kupewa kama yule wa kilo 70. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mwili kwa mara moja, kwa hiyo kwake kidonge kimoja kila baada ya saa 6 hukaribia kutosha. Mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 150, si zaidi ya mara nne kwa saa 24, tena kwa kifuniko au kijiko cha kupimia kilichokuja na chupa, siyo kijiko cha chai kilichookotwa jikoni.

Kwa nini uzito na lishe vina maana? Ini linapoivunja parasetamo, sehemu ndogo yake hugeuka sumu. Ini lina akiba ya kinga ambayo huizima sumu hiyo papo hapo, na akiba hiyo hutokana na chakula. Mgonjwa aliyekaa siku kadhaa bila kula vizuri, au mlevi wa muda mrefu, ana akiba ndogo. Akizidisha dozi, akiba inakwisha na sumu inaanza kulichoma ini lenyewe.

Ubaya wa sumu hii ni unyamavu wake. Siku ya kwanza mtu anatapika kidogo au haoni kitu kabisa. Siku ya pili anaweza kujisikia nafuu, nanyi mkashukuru. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya manjano, akili inavurugika, damu haigandi. Ipo dawa ya kuizuia, iitwayo asetilisisteini, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kabla ya kupita saa 8 tangu vidonge vimezwe. Kwa hiyo mtu aliyezidisha parasetamo, kwa makusudi au kwa kutojua, aletwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama anacheka na kuongea.

Diklofenaki, ibuprofeni na koki kuu

Sasa tuje kwa diklofenaki na ndugu yake ibuprofeni. Hizi zina nguvu kuliko parasetamo kwa maumivu yenye uvimbe, na kidonda cha upasuaji ni uvimbe. Tukizitumia pamoja na parasetamo, kila moja kwa kipimo chake, mgonjwa hupata nafuu kubwa kuliko kwa moja peke yake, na wengi hawahitaji tena mofini. Mchanganyiko huo si kosa, maana parasetamo na diklofenaki hufuata njia mbalimbali mwilini.

Namna zinavyofanya kazi iligunduliwa na Mwingereza John Vane mwaka 1971, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na wenzake wawili wa Sweden. Nyama ikikatwa, mwili hutengeneza kitu kinachoitwa prostaglandini, nacho huifanya mishipa ya fahamu iwe mikali. Dawa hizi huzuia prostaglandini isitengenezwe. Lakini jamaa za prostaglandini zina kazi nyingine pia: hulinda utando wa tumbo dhidi ya tindikali, huifungua njia ya damu kwenda kwenye figo, na husaidia chembe sahani kugandisha damu. Ni kama fundi aliyeitwa kuzuia bomba linalovuja jikoni, akafunga koki kuu ya nyumba. Jikoni kumekauka, na bafuni kumekauka pia.

Hapo utaelewa maswali ambayo muuguzi hukuuliza kabla ya kukupa kidonge, na ambayo wengine huyaona ni udadisi. Una vidonda vya tumbo? Umewahi kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami? Una pumu? (Baadhi ya wenye pumu kifua hubana kabisa wakimeza aspirini au ndugu zake.) Una ugonjwa wa figo, wa moyo, au seli mundu? Mama aliyekuwa na kifafa cha mimba au shinikizo kubwa la damu katika uzazi huu, daktari hutaka kwanza kuona figo zake na chembe sahani zake zikoje. Yule aliyepoteza damu nyingi mezani au anayetapika na kukauka maji, figo zake tayari zina kiu. Diklofenaki itazibana zaidi. Kwa hiyo tunamrudishia maji kwanza.

Wazee wetu wa shinikizo la damu niwataje pekee. Wengi wanameza kidonge cha kukojosha na kingine kama kaptoprili, enalaprili au losatani. Ukiongeza diklofenaki juu ya hivyo viwili, figo huvutwa pande tatu kwa mara moja. Mzee wa namna hiyo aliyepasuliwa tezi dume na kurudi nyumbani asimeze diklofenaki ya dukani kamwe bila daktari kujua. Parasetamo inatosha, au daktari atatafuta nyingine.

Na moyo? Dawa moja ya jamii hii, rofekoksibu, iliyouzwa kwa jina la Vioxx, ilisifiwa mwaka 1999 kwa kuwa haikuumiza sana tumbo. Mwezi Septemba 2004 watengenezaji wake waliiondoa sokoni dunia nzima, kwa sababu waliokuwa wakiitumia kwa muda mrefu walizidi kupatwa na mshtuko wa moyo na kiharusi. Baadaye ilionekana kwamba diklofenaki nayo ina hatari ya namna hiyo, na mwaka 2013 wakuu wa dawa wa Ulaya walikataza wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi wasiitumie.

Kwa mtu asiye na magonjwa hayo, diklofenaki ya miligramu 50 mara tatu kwa siku, au ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu, baada ya kula chochote na kwa siku chache, haina neno. Siku tatu, siku tano. Akiwa mtu wa kiungulia, daktari humwongezea omeprazoli kulinda tumbo. Lakini ni moja au nyingine, hazitumiwi zote mbili.

Aspirini baada ya upasuaji hatuitumii kwa maumivu. Chembe sahani iliyoguswa na aspirini haipati nguvu tena mpaka ife na nyingine izaliwe, muda wa siku 7 hadi 10, na kidonda kibichi hakitaki damu inayokawia kuganda. Mtoto asipewe aspirini kabisa, maana inaweza kumletea ugonjwa wa hatari wa ini na ubongo. Lakini anayemeza aspirini ndogo ya moyo kwa agizo la daktari asiiache kwa kunisoma mimi. Amwulize aliyemwandikia.

Majina mengi, dawa ile ile

Hatari kubwa kuliko zote majumbani siyo dawa mbaya. Ni dawa ile ile iliyovaa nguo mbili. Tuchukue mfano. Mama ameruhusiwa na parasetamo, vidonge 2 mara 4, na diklofenaki, 1 mara 3. Yote sawa. Mwanawe anamhurumia, anakwenda dukani kuomba "dawa kali ya maumivu", anapewa vidonge vya mchanganyiko ambavyo kila kimoja kina miligramu 50 za diklofenaki na 500 za parasetamo. Mama anameza 1 mara 3, juu ya zile za hospitali. Hebu tuhesabu. Parasetamo ilikuwa miligramu 4,000, sasa ni 5,500. Diklofenaki ilikuwa 150, ambayo ndiyo mwisho wake, sasa ni 300. Jirani naye akileta brufeni kwa ajili ya mgongo, na usiku akanywa dawa ya mafua ambayo ndani yake mna parasetamo pia, hakuna aliyekosa upendo, ila ini, figo na tumbo vyote vimeshambuliwa kwa siku moja.

Kwa hiyo soma maandishi madogo, siyo jina kubwa la mbele. Chini ya jina kubwa ndipo ilipoandikwa dawa iliyomo na uzito wake kwa miligramu. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wa shule. Na unaponunua chochote kwenye duka la dawa muhimu, mwonyeshe muuzaji vile vya hospitali kwanza. Muuzaji aliyefunzwa atakuuliza. Asiyekuuliza, mwulize wewe. Nyumbani, chukua karatasi, andika saa na dawa kila unapomeza. Inaonekana ni kazi ya watoto, lakini mtu mwenye maumivu na usingizi husahau kama amemeza au bado, na mke na dada wakimhudumia kwa zamu, kila mmoja hutoa dozi yake.

Sindano

Watu wetu wanapenda sindano. Mgonjwa anayeweza kumeza uji atakuambia kidonge "hakimfikii". Ukweli ni kwamba kwa mtu anayemeza bila kutapika, kidonge cha diklofenaki hufanya kazi kama sindano, ila sindano huwahi kidogo. Lakini sindano ya diklofenaki yenyewe ni kali kwa nyama. Inaweza kuacha jipu, au nyama ya tako ikafa. Ikichomwa pasipo mahali pake, ikagusa mshipa mkubwa wa fahamu upitao takoni, mtu huanza kuburuta mguu, na wengine hawaponi. Tena sindano hizi hazipaswi kuzidi siku mbili. Anayetembea mitaani na boksi la sindano akiwachoma watu nyumbani kwao, hata akiwa ni mpwa wako, mwambie hapana.

Ganzi ya kwenye kidonda

Siku hizi daktari anapofunga mshono mara nyingi huchoma dawa ya ganzi kuzunguka kidonda, kama vile bupivakaini. Ni njia nzuri sana, nami huifurahia hasa kwa ngiri na kwa upasuaji wa kujifungua. Hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, kwa sababu ikizidi au ikiingia moja kwa moja kwenye mshipa wa damu huweza kuleta ganzi ya midomo, kelele masikioni na hata degedege, ndiyo maana hufanyika pale penye vifaa. Kosa la wagonjwa ni kudhani wamepona. Mchana anatembea na kusifu, usiku ganzi inakwisha na maumivu yanamvamia. Meza parasetamo ungali na ganzi, isikukute mtupu.

Huenda umesikia redioni kwamba Marekani wamepata dawa mpya. Ni kweli. Tarehe 30 Januari 2025 waliidhinisha suzetrijini, kwa jina la biashara Journavx, ambayo si ya ukoo wa afyuni wala haifungi koki niliyoitaja. Huziba mlango mdogo ambao maumivu hupitia kwenye mishipa ya fahamu ya mwilini kabla hayajafika kichwani. Ilijaribiwa kwa waliopasuliwa tumbo na vidole vya miguu, ikawatuliza kuliko kidonge kisicho na dawa, ila haikukishinda kile cha mchanganyiko wa parasetamo na dawa ya ukoo wa afyuni. Ni hatua njema. Kwa mgonjwa wetu wa ngiri anayeruhusiwa kesho asubuhi haibadili kitu.

Maumivu yasiyopaswa kunyamazishwa

Maumivu ya mshono hupungua siku hadi siku. Siku ya nne yawe madogo kuliko ya pili. Yakienda kinyume, yakazidi huku unameza dawa kwa saa, usiongeze kidonge. Tumbo linalokuwa gumu na kuvimba, kidonda chekundu kinachotoa usaha au harufu, homa, uvundo kwa mama aliyejifungua, ndama ya mguu mmoja iliyovimba na kuuma, kifua kinachochoma ukivuta pumzi, maumivu makali ndani ya hogo na vidole vinavyokufa ganzi: hizo ni habari ambazo mwili unatuletea, na kidonge kingine kitamziba mjumbe mdomo. Kadhalika choo cheusi, kutapika damu, mkojo uliopungua sana, au macho ya manjano.

Ukiona mojawapo, usingoje siku ya kliniki wala asubuhi. Njoo na kadi yako, na vidonge vyote unavyomeza, hata vile vya dukani na vile alivyokupa jirani, ndani ya mfuko mmoja, ili muuguzi wa zamu avimwage mezani na kuvihesabu.